Kiganja Kisichogeuka

Debre Tabor, baada ya mvua

Baba yangu mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima, nikimshukuru Mungu aliyetufikisha kiangazi. Hujambo huko Wollo? Shangazi Abonesh amepunguza kulia? Tulimwombea marehemu baba mkubwa kanisani, na mama alikaanga buni akawaita majirani. Ng'ombe mwekundu amezaa jike. Usishangae mwandiko kupinda, natumia mkono wa kushoto.

Baba, najua mama alikutumia salamu kwamba ninaendelea vizuri. Mimi nitakueleza ilivyokuwa.

Asubuhi ile uliponifunga mkono wa kulia uliovunjika kwa fito za mwanzi, ukapanda gari kwenda kuzika, ulituachia neno unalowaachia wagonjwa wako wote: aliyefunga ndiye atakayefungua. Jioni vidole vilivimba, kesho yake vikawa na rangi ya zambarau. Nilimwambia mama vinawaka moto, akasema ni mfupa unaunga. Jirani yetu mzee, Gashe Belete, akacheka mpaka akakohoa: "Mtoto wa mfunga mifupa analilia kitambaa! Wenzako wamefungwa na huyo huyo baba yako, leo wanalima!" Nikaona aibu, nikauficha mkono ndani ya shuka. Mama alishika kisu, halafu akakirudisha. Alisema akikata fundo lako atakuwa amekukata wewe.

Aliyenipeleka hospitali ni Yeneta, mwalimu wetu wa ngoma ya kanisa. Alikuja kuuliza kwa nini sionekani mazoezini, akaona kucha zangu, akanipandisha nyumbu wake bila kumuaga mtu. Huko wakazikata fito.

Daktari ni binti mdogo tu, lakini alinichorea vizuri. Alisema mkono kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono una mifupa miwili, na ule wa upande wa kidole gumba ukijiviringisha juu ya mwenzake, kiganja hutazama chini. Misuli miwili ndiyo inayouvuta. Mmoja unakatiza kimshazari kutoka upande wa ndani wa kiwiko. Wa pili ni mfupi, wa mraba, umelala karibu na kifundo kama kiraka kilichoshonwa juu ya mifupa yote miwili. Huu wa chini ndio wa kazi za kila siku, na ule wa juu huuongezea nguvu. Yote miwili hungoja amri ya mshipa mmoja wa fahamu. Damu ikizibwa, misuli hufa mapema kuliko mfupa unavyounga. Baba, mifupa unaijua gizani kwa vidole vyako, lakini misuli hii sijawahi kukusikia ukiitaja.

Mama alipotufuata huko, aliambiwa nifanye mazoezi, tutaona. Kisha daktari akamgeukia mwenzake, akasema kwa Kiingereza kwamba misuli yote miwili imekufa na mshipa pia, kiganja hiki hakitageuka tena, ila mama aachiwe matumaini kidogo. Hakujua kwamba mimi shuleni nasomeshwa kwa lugha hiyo. Mama akaniuliza wanasema nini. Nikamwambia wanazungumzia dawa. Mpaka leo kila asubuhi ananikanda kwa siagi, akiniuliza kama nasikia chochote. Namjibu nasikia kidogo. Sisikii kitu.

Kiganja kinatazama juu muda wote. Ngoma hupigwa kwa kiganja, baba, na mimi nikiuweka mkono juu ya ngozi, unaofika ni mgongo wa mkono. Yeneta ameshampa mwingine nafasi yangu, naye hakukosea. Jumapili nilikaa langoni pa kanisa nikipumzika, mama mmoja nisiyemjua akaniwekea kipande cha mkate kiganjani, akanibariki, akapita. Wenzangu wakapiga kelele, "Yitbarek, umeshaanza kazi!" Nilitaka kugeuza kiganja niuangushe ule mkate, mkono ukakataa.

Sasa nakuja kwenye neno lililonifanya nikuandikie. Mama amewaambia watu kwamba nililegeza vifundo mwenyewe ulipoondoka. Anataka jina lako lisiguswe, simlaumu. Sokoni wakaniuliza, nikaitikia kwa kichwa, maana kusema mbele za watu kunanishinda. Watu wameamini. Sasa kina mama wanawaonya watoto wao kwa jina langu: ukifungwa na Admasu usithubutu kugusa fundo, utakuwa kama Yitbarek.

Lakini wewe siwezi kukudanganya, baba. Sikugusa hata fundo moja. Nilikutii. Nilikungoja.

Mama anakusalimu sana, na Yeneta pia. Msalimie shangazi, nawe ukae kwa amani mpaka arobaini ya marehemu ipite.

Ni mimi mwanao,
Yitbarek Admasu