Siku Pembea Ilipoharibika Mjini

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Huku Marangu tu wazima. Babu yako anachuma kahawa, na mbuzi amezaa mapacha.

Nimesoma yaliyowapata kwenye bustani ya michezo huko Dar: watoto kulia kwa uchovu, mdogo kumtapikia baba yake, nanyi wazazi kugombana mbele za watu. Unauliza kama wewe ni mama mbaya. Hata kidogo.

Nikiwa na miaka minane, baba alitupeleka Moshi mjini kupanda pembea kubwa ya kuzunguka iliyoletwa kwa sikukuu. Tulishuka kwa miguu hadi Himo, kisha tukapanda lori. Tulipofika, pembea imeharibika, na mvua ikaanza. Mimi na dada yangu Anna tukalia. Baba akafoka, "Haya, turudi nyumbani!"

Mama akaketi kwenye baraza ya duka, akavua viatu, akafungua ndizi alizopika. "Baba Anna, kaa ule kwanza."

Baba akaketi, akala. Kisha akanivuta mvuani, akanishika mikono, akanizungusha mpaka miguu ikapaa. "Pembea imepona!" akapaza sauti. Anna akaja mbio, na mwishowe mama naye akazungushwa, pekupeku, akicheka kama msichana.

Desemba nendeni tena bustanini. Mkichoka, kaeni mle kabla hamjagombana.

Nisalimie wote hapo nyumbani. Uchovu wa siku ile nimeusahau kabisa. Kicheko cha mama bado nakisikia.

Bibi yako