Omani Haikuwa Omani

Mwanangu Zaituni,

Salamu zikufikie huko ulikolala, na Mungu akupanulie nafasi. Sisi hapa Kilangala ni wazima, ila uzima wenyewe ndio huu wa kuamka na kulala. Baba yako hajambo, goti la kushoto bado linamsumbua, na akishaswali alfajiri anakaa barazani anauliza chai kabla sijawasha moto, unavyomjua. Bibi yako Binti Athumani anakusalimu. Macho yake yamezidi ukungu, juzi alimsalimia mbuzi wa jirani akidhani ni mtu, mbuzi hakuitika, bibi yako akanung'unika kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu. Mdogo wako Hadija anakusalimu. Ndiye aliyechukua kanga zako zile mbili, nimemruhusu mimi, usimkasirikie. Mwanao Rehema anakusalimu sana, meno ya mbele yameng'oka yote mawili, akicheka utadhani ni bibi yake. Hata kuku wako wa kishingo katotoa tisa, mwewe kachukua mmoja.

Mimi niliyeishia darasa la nne ndiye ninayekuandikia, kwenye daftari la Rehema. Hadija alitaka aniandikie nikakataa. Haya si ya Hadija.

Nina neno na wewe, Zaituni. Umenizunguka. Nimelimeza hili neno siku nyingi, limekataa kushuka.

Unakumbuka uliporudi kutoka Lindi mjini, korosho ndiyo zinaanza kudondoka. Ulisema Bi Sunita, yule mama wa Nepali uliyekuwa unampikia, kakupa mapumziko. Nikafurahi, nimepata mwanangu na mikono ya kuokotea. Basi siku moja tuko shambani, wewe mkorosho ule na mimi mkorosho huu, nikakusikia unanong'ona. Nikadhani unahesabu. Nikasogea. Nikasikia Omani. Nilisimama na bibo mkononi, maji yake yananichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Omani pademe humu. Unamaliza, unaanza tena. Omani pademe humu.

Wewe unajua jina hilo kwangu likoje. Binti wa Bi Somoe, jirani yetu, alikwenda Omani kufanya kazi za ndani, mwaka wa tatu huu mama yake hajaisikia sauti yake. Na wewe uliniapia, palepale jikoni, kwa ziwa langu ulilonyonya, kwamba hata wakuite vipi huendi. Nikajua basi, tayari ana pasi, mtaa atakaokaa unaitwa Pademe na anajifunza kuutamka asije akapotea.

Sikukuuliza. Ningekuuliza ungeniambia, au pengine usingeniambia, sijui tena. Nikaanza kukurushia maneno. Ukichelewa kuamka nasema, "Huko Omani hawalali mpaka saa hizi." Ukiacha chakula nasema, "Anayengoja wali wa Waarabu atakula wapi ugali wa muhogo." Wewe unanitazama, unacheka kidogo, unakwenda kujinyoosha mkekani. Nikasema moyoni, kiburi hicho. Kumbe hukuwa unaelewa ninasema nini.

Ukakonda, nikasema ni mawazo ya safari. Tumbo likajaa, hapo ndipo nikaogopa. Tulipokufikisha hospitali wakatuambia uvimbe huo ni wa siku nyingi, mmechelewa, rudini mkamtunze nyumbani. Nikawa nauliza kila mtu, siku nyingi zipi? Mbona mimi sikuziona?

Asubuhi ile ya mwisho baba yako alitoka kwenda kumwita shehe. Hadija yuko kisimani. Tukabaki wawili. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kila mama wa Kiislamu anaijua, nikutamkishe shahada, niseme mimi ufuate wewe. Nikasema. Nikainama, nikaweka sikio langu mdomoni kwako nisikie ukinifuata.

Ukasema Omani.

Zaituni, mwanangu, niliona giza. Nikasema, hata sasa? Hata leo, mbele yangu, bado unaondoka kwenda huko? Nikaondoa sikio. Nikakugeuzia mgongo, nikatazama mlango. Sikukaa sana, kadiri ya mtu kuchota kata moja ya maji mtungini. Nilipogeuka midomo yako ilikuwa inamalizia kitu. Halafu ikatulia.

Baba yako akaingia na shehe, akaniuliza, "Kaitamka?" Nikasema, "Kaitamka." Akakaa chini palepale, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Mpaka leo akikutana na watu anawaambia binti yangu kaondoka na kauli njema. Nami nikisikia natazama miguu yangu.

Basi, arobaini ikapita, Bi Sunita akaja. Kashuka kwenye pikipiki kajaa vumbi, akampa Rehema shikamoo, akamgeukia bibi yako akamwambia mambo. Bibi yako akajibu poa. Siku hiyo ndiyo tulicheka mara ya kwanza tangu uondoke, na nikajua Kiswahili kile ulimfundisha wewe kwa makusudi.

Tukakaa mkekani. Akatoa kitu mfukoni, nikaona tasbihi. Kaanza kuivuta punje kwa punje, na mdomo wake unasema Omani pademe humu. Nusura nimwage uji. Nikamuuliza, "Na wewe unakwenda Omani?" Akanishangaa. Nikamweleza yote, shamba, Pademe, maneno niliyokurushia. Alicheka, halafu akajifunika uso kwa mtandio wake akalia.

Akaniambia si Omani. Ni maneno ya dini yao ya Buda, kwao yameandikwa mpaka kwenye mawe ya njiani. Alisema wenyewe kwa wenyewe hawajakubaliana yana maana gani barabara. Alivyofundishwa na mama yake, ni kito kilichomo ndani ya ua la yungiyungi, na mtu akiyasema anaomba huruma imfikie kila kiumbe, hata mdudu. Akasema wewe ndiye uliyemwomba. Kwamba siku moja maumivu yalikushika jikoni kwake ukakaa sakafuni, ukamwambia, yale maneno unayosema ukitulia, nipe na mimi. Kwamba swala zako hukuziacha, ukishaswali ndipo unayasema, kama mtu anayekunywa dawa baada ya kula.

Nikamuuliza, maumivu hayo yalikushika lini. Akasema masika.

Masika, Zaituni. Mgeni kajua tangu masika, mimi niliyekuzaa nimejua korosho zimekwisha. Akasema ulimkataza. Ulimwambia, "Mama akijua atatangulia yeye." Nani kakwambia? Mimi ni mwoga, kweli, mtoto akikohoa nimeshakimbilia kwa watu. Lakini woga haukunizuia kukuzaa. Ungenipa nafasi niogope, nikiogopa huku nimekushika. Dini sikulaumu sana, hiyo utaelewana na Mola wako, Yeye anajua lugha zote. Ninalokulaumu ni jiko la watu. Ulikwenda kukaa kwenye sakafu ya mwingine, na sakafu yangu ipo.

Na mimi pia sijasalimika. Uliniapia kwa ziwa langu na kiapo hukukivunja, hukwenda popote. Aliyevunja ni mimi, kukudhania.

Lile yungiyungi limenikaa. Mwaka ule wa njaa tulipokwenda bwawani kuchimba viazi vyake, ulikuwa mdogo kuliko Rehema. Ulikuwa unaogopa ruba, umenikwea mgongoni, miguu yote miwili umeikunja. Ukaona ua limechanua, jeupe, ukaniuliza, "Mama, tope lote hili, ua limenawia wapi?" Sikukujibu, nilikuwa nafikiria chungu. Sasa nakujibu. Limenawia humohumo. Nadhani ndiyo ile humu ya mwisho. Bi Sunita hakusema hivyo, hilo ni la kwangu.

Juzi natwanga, likanitoka mdomoni. Nikastaghafiru. Mtwangio wa pili likanitoka tena, nikaliacha.

Kwa heri, mwanangu. Ijumaa zote nitakusomea Fatiha, na Rehema nitamlea kama nilivyokulea, ila maneno nitapunguza. Nakuahidi Hadija akinong'ona nitamuuliza anasema nini, na nitangoja ajibu. Baba yako sijamwambia. Nashindwa kumwambia nisichokijua.

Kwa hiyo nakuomba unijibu upesi, usingoje korosho nyingine. Njoo ndotoni, walio huko huwa wanakuja. Nilipokugeuzia mgongo, ulimalizia neno gani? Kama ni shahada niambie, nimwinulie uso baba yako. Kama ni lile lingine, niambie vilevile. Safari hii siondoi sikio.

Ni mimi mama yako.