Kaye ya Prof Hippolyte

Jumanne, 9 Machi 1999

Labo ya shule bado imefungwa – askari wanalala humo. Nimepita nje tu. Mwaka jana siku kama hizi tulikuwa ndani, spiriti ikinuka, Prof Hippolyte, mwalimu wetu wa biolojia, akieleza kifo cha seli kama anasimulia habari za shangazi yake. "Huyu anajiua kwa adabu! Majirani hawasikii kitu!" Tulicheka hadi machozi.

Leo barua yake imefika toka Kigoma, jina langu juu: Zabibu. Anaomba kaye yake, daftari la utafiti aliloniachia alipokimbia vita. Jumatatu watu wa chuo kikuu wanapita huko kuchagua wanafunzi. Bila kaye hana cha kuwaonyesha. Boti ya Papa Jamil inaondoka Ijumaa, saa nne.

Jumatano, 10 Machi

Nimeisoma tena kabla haijaenda. Kimeng'enya kinachoua seli huwa kimelala; kikikatwa, kinaamka. Utajuaje kimeamka? Njia ya kwanza: kukipa chambo kinachong'aa kikikatwa. Haraka – lakini vimeng'enya vingine nao hukata chambo hicho! Ya pili: kusaga seli zote na kutafuta vipande vya kimeng'enya chenyewe. Ushahidi safi. Ila ukisaga elfu pamoja, hujui ni ipi iliyokuwa inakufa. Prof ameandika chini: zote mbili, kisha darubini, moja moja.

Nimejiandikia muhtasari kwenye karatasi, kwa maneno yake ya zamani, nikaiacha ndani ya kaye. Ni kama nilimsikia.

Ijumaa, 12 Machi

Saa tatu na nusu. Kaye haipo!

Dada Djamila anasema Mama ameikuta karatasi yangu humo: "Seli ameamua kufa. Anajikata ndani, polepole. Majirani hawajui." Akapiga kelele – huyu Seli njo mutoto ya nani? Na Zabibu anajua, ananyamaza! Djamila akamjibu, labda ni wa shule. Mama amebeba kaye na karatasi, ameenda kwa Mama Léonie.

Kwa Mama Léonie! Binti yake alikuwa darasani kwetu. Alitolewa ziwani amekufa, mwezi wa kumi na moja. Hakuwa amemwambia mtu kitu.

Nimekimbia. Niko nje ya ua wao, naandika gotini. Nitaanzaje? Boti imeshapiga honi mara moja.

Namsikia Mama Léonie ndani, anaitisha kitenge chake, anamharakisha Mama.

"Twende, dada. Mutoto ya watu angali muzima. Huyu tutamuwahi."