Jiwe la Kaka Eliufoo Halikufika Kaburini

Marangu,
Moshi.
16 Septemba, 2024.

Mpendwa mdogo wangu Elimringi,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, maana najua utaisahau. Marahaba. Hujambo huko Bergen, na Grace na watoto hawajambo? Baridi imeanza? Sisi huku ni wazima. Goti langu linanisumbua wakati wa kuteremka tu, na kwa kuwa kwetu hakuna safari isiyo na mteremko, ndivyo hivyo. Ng'ombe amezaa ndama jike. Mvua bado, ila mfereji unaleta maji na migomba haijambo.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika penye sababu, nami ningekasirika, na mazungumzo yangeishia hapo. Kwa hiyo soma mpaka mwisho ndipo uanze kununa. Lile jiwe la marumaru ulilomchongeshea kaka Eliufoo halipo kaburini kwake.

Tulia. Halijavunjika wala halijaibwa.

Lori lilileta jiwe Alhamisi, siku mbili kabla ya ibada ya kutimiza mwaka tangu tumzike kaka. Likalishusha barabarani, mbele ya ofisi ya chama cha wapagazi wa mlimani alichokiongoza kaka, maana njia ya kupanda kwetu unaijua: upande huu mfereji, upande huu migomba, na katikati kile kidaraja cha magogo. Wapagazi walikuja wengi bila kuitwa. Mwenyekiti wao siku hizi ni Wilson, ambaye kaka ndiye aliyemfundisha kazi ya mlimani. Wakalizunguka jiwe, wakasoma maandishi, wakakusifu sana.

Kisha Wilson akamuuliza dereva uzito wake, akapiga hesabu, akatikisa kichwa. Njia ile inapitisha watu wanne tu kwa jiwe kama hilo, na kila mmoja angebeba zaidi ya maradufu ya kilo ishirini. Nawe unajua kaka alivyohangaika maisha yake yote ya uenyekiti ili mpagazi asibebeshwe zaidi ya kilo hizo, na mzigo upimwe mwenyewe akiona.

Wazee wakasema ni siku moja tu, kwa heshima yake. Mimi nikasema hivyo hivyo, tena kwa sauti. Nilikuwa nakuwaza wewe. Hukuweza kuja kumzika ndugu yako, na niliona jiwe lile ndilo litakalosimama pale kwa niaba yako. Nikamwambia Wilson asichanganye mambo ya chama na mambo ya ukoo. Akaniitikia "ndiyo, mama" kwa adabu zote, wala hakusogea.

Ndipo wifi yangu Aikande akasema: "Mimi ndiye niliyemkanda mgongo huyu mume wangu mpaka anakufa. Mzigo uliomuumiza haukupimwa. Sasa mnataka kumpelekea mwingine?"

Ubishi ukaishia hapo. Hata wangu, nawe unanijua.

Basi Ijumaa tukajenga kaburi kwa mawe ya mtoni, mchanga na saruji. Wilson akaning'iniza mizani kwenye mparachichi ule wa njia panda, na hakuna aliyepita bila kupimwa. Mchungaji alifika na ndoo ya mchanga, ikazidi, wakampunguzia kwa kikombe mbele ya waumini wake. Shakiru, yule mpishi wa mlimani kutoka Moshi mjini, alikuja na sufuria la pilau. Nalo likapimwa, likazidi. Akalalamika kwamba chakula si mzigo. Wakamwambia kinabebwa, kwa hiyo ni mzigo, ikabidi aigawe pilau katika masufuria mawili. Mimi nilijitwika karai la mawe, Wilson akatoa jiwe moja. Nikamwambia nimebeba mikungu ya ndizi tangu hajazaliwa. Akasema anajua, na akatoa la pili.

Elimringi, nilicheka mpaka nikasahau goti. Watu walijipanga toka barabarani hadi kihambani, kule kwenye migomba yetu penye kaburi, wanapanda na kushuka wakiimba, na kila mmoja kilichokuwa kichwani kwake alikiweza. Sijaona kazi ya msiba yenye furaha namna ile. Nilimkumbuka kaka mpaka nikaona raha kumkumbuka, kitu ambacho mwaka mzima kilikuwa kimenishinda.

Jumamosi ibada ilikuwa nzuri. Mtori wa ndizi ulitosha, na pombe ya mbege ilikwisha kabla ya wazee kuridhika, kama kawaida yao. Kuku wa Aikande alikuwa amepita juu ya saruji mbichi. Wilson alitaka kuifuta ile miguu, Aikande akakataa, akasema kaka alikuwa akimlisha kuku huyo kwa mkono wake. Alama zipo.

Sasa jiwe lako. Unakumbuka wapagazi wanavyosubiri gari la kwenda kwenye geti la mlima alfajiri, wamesimama tu barabarani? Kaka alikuwa akisema mtu atakayebeba siku nzima asianze siku kwa kuchoka. Basi wamelisimamisha jiwe kwenye ukuta wa ofisi, kwa magogo na kamba, hakuna aliyelitia begani. Mbele yake wameweka benchi refu. Wanakaa na kuegemeza migongo yao kwenye jiwe, na jina la kaka liko juu ya vichwa vyao.

Jana nilipita mapema kwenda kanisani, nikakaa nao kidogo. Na kwa kuwa chini kabisa uliandika "kutoka kwa mdogo wako Elimringi", mmoja ambaye si wa huku akaniuliza Elimringi ni nani. Kabla sijafungua mdomo, benchi zima likamjibu.

Basi nuna sasa, kama bado unataka.

Aikande anakusalimu sana, pia Wilson, na Shakiru ambaye bado analalamikia pilau yake. Mbusu Grace na watoto kwa ajili yangu. Mungu akutunze ugenini, akupe mzigo unaouweza, na akurudishe uje ukae kwenye benchi.

Ni mimi dada yako nikupendaye hata ukinuna,
Eliona