Tatu wa Zamani na Tatu Mpya

Guangzhou,
Jumapili baada ya adhuhuri

Mdogo wangu Kassim,

Assalaam alaykum. U hali gani, na Mama je? Goti lake limepoa, au bado analikanda kwa maji ya chumvi? Na mwanangu Rukia? Niandikie habari za kila mmoja mbalimbali, usinijumlishie "sote wazima" kama mara ile. Mimi mzima wa mwili, alhamdulillahi. Roho ndiyo haitulii. Mmeniuliza narudi lini, wewe na Mama pia, na jibu limo humu ndani. Ila niache nianze na katuni, maana bila katuni hutanielewa.

Kwanza ujue jambo moja. Laoban wangu, yaani yule mama tajiri mwenye kiwanda cha jinzi huko Xintang, ametaka nibaki mwaka mwingine. Hivi sasa namkagulia zipu na mishono ya mizigo ya wateja wa Dar na Mombasa. Anataka niwe jicho lake kwa Afrika Mashariki nzima. "Pengyou," ananiambia, ndiyo rafiki kwa lugha yao, "mwaka mmoja tu! Mwaka ni kitu gani?" Nami nilikwisha kukubali nusu. Nilishapanga hata maneno ya kumlainisha Mama: kwamba Rukia bado mdogo, hatajua.

Sasa ile kazi uliyonituma. Katuni mpya ya yule mtoto Tatu nimeipata karibu na stesheni, iko kwenye sidii. Muuzaji alikuwa nayo na ile ya zamani tuliyoijua kwa kanda, nikachukua zote mbili. Huku ni miezi ya unyevu, kuta zinatoka jasho, nguo zinashinda kambani na bado zinaanuliwa mbichi. Mizigo imechelewa. Basi juzi mchana tukakaa ofisini kwa wakala wetu hapa jengo la Tianxiu, mimi na Deo, kaka mmoja wa Bukoba anayesomea udaktari. Yeye anajua kusoma yale maandishi ya Kichina yanayopita chini ya picha.

Kassim, wewe muongo wa kutupwa! Miaka yote umesimama na maikrofoni kwenye banda lako la video hapo Ngamiani ukiwatafsiria watu Kijapani usichokijua hata neno, nasi tunalia na kucheka. Yule mwenye ndevu uliyemfanya ami yake Tatu, aliyekuja kumdai mtoto akakae upande wa baba? Deo alicheka mpaka akashika ubavu. "Dada, huyu si ami. Ni daktari wa mifugo, kaja kutazama kuku." Kumbe ile hotuba yote ya ukoo uliyomtia mdomoni, mwenzio alikuwa anaeleza kideri, ugonjwa wa kuku! Na mtoto mwenyewe haitwi Tatu. Jina lake la kweli sikutaka kulijua, kwangu mimi ni Tatu.

Ukiniuliza ipi bora, sitakujibu upesi. Ile ya zamani imechorwa kwa mkono na haina haraka. Bibi anaosha mchele, nawe unamtazama akiosha mpaka maji yatakate. Hii mpya rangi zake zinapiga kelele, macho ya Tatu yamekuwa kama visahani, bibi amepungua umri, na kila mtu anakimbia. Ule wimbo wa mwanzo, ambao Mama akiusikia huacha kukuna nazi, wameutoa wakatia magitaa. Nusura nizime. Nikamwambia Deo hizi ni mbwembwe tupu.

Halafu ikaja sehemu ya mama. Unakumbuka kwenye ile ya zamani mama yake Tatu anapanda treni kwenda kufanya kazi mjini, na basi, hatumwoni tena mpaka siku ya kurudi? Kanda zote zilizobaki ni mtoto anangoja. Hii mpya wanamfuata mama. Wanaonyesha chumba chake, kiwanda cha nyuzi, vidole vilivyochanika. Anasimama dukani kumnunulia mtoto viatu, kisha anagundua hajui mguu umefika wapi. Kassim, mwezi jana mimi nilisimama kwenye masoko ya nguo ya Zhanqian na gauni mkononi, muuzaji ananiuliza saizi, siijui, nikalirudisha. Basi juzi pale ofisini niliinuka nikaenda dirishani, nikarudi, nikaenda tena. Deo akaniuliza, "Dada, vipi, tusimamishe?" Nikamwambia aiache.

Mwisho wa zamani unaujua. Treni inafika, Tatu anatupa kapu, mayai yanavunjika, anakimbia, na banda zima linalia. Hii mpya haina treni. Mama anaingia uani kwa miguu. Tatu anawatilia kuku mtama. Anamtazama, anainuka, anampangusia kiti. Deo akasoma polepole: "Karibu ukae. Mama hayupo, bibi anarudi sasa hivi." Anamletea maji. Yule mama anayanywa. Imekwisha.

Deo akanieleza kwamba katuni hii imetoka kwenye kitabu, na kitabu chenyewe ndivyo kinavyoisha. Wale waliochora ya kwanza waliogopa kuliza watoto wa nchi nzima, wakabuni treni na mayai. "Kwa hiyo hii mpya ndiyo ya kweli," akasema. Nikamwambia anyamaze, masikini, naye hakunikosea kitu.

Uliniandikia, kwa kunichekesha, kwamba ukimwonyesha Rukia picha yangu husema, "Huyu ni yule wa kwenye simu." Nilicheka siku ile, nikawasimulia na wenzangu. Sasa siwezi kuwasimulia tena.

Jana nilikwenda Xintang nikamwambia laoban hapana. Alidhani nataka aniongeze malipo. Nikatikisa kichwa, akanitazama kama niliyemrudishia mzigo mbovu, akageukia simu yake. Kontena likishapakiwa, narudi, inshallah. Usidhani nimetulia. Nimetembea leo tangu asubuhi, nashuka, napanda, najiuliza nitafanya nini Tanga, na kama siku moja nitamlaumu mtoto kwa mwaka huu nilioukataa. Ninaogopa kubaki na ninaogopa kurudi.

Katuni nitazileta mwenyewe. Watoto waonyeshe ile ya zamani, na uwatafsirie uongo wako wote, ni mtamu. Hii mpya iwe ya wakubwa, na ikifika sehemu ya mama, tafadhali weka maikrofoni chini.

Mshike Mama miguu kwa niaba yangu. Nisalimie wifi yangu Zainabu, anayemsuka mwanangu nywele, Mungu amlipe. Na jirani yetu fundi redio, anayetuazima simu bila kununa.

Neno la mwisho, na hili ni amri ya dada yako. Usimfundishe Rukia maneno ya kunipokea. Nakujua, utataka kumpanga kama unavyowapanga watu wa katuni. Mwache. Akinipangusia kiti, nitakaa. Akiniletea maji, nitakunywa, na siku ya tatu nipeni jembe kama mgeni yeyote. Nitakaa hapo mpaka aulize mwenyewe mbona mgeni huyu haendi kwao.

Wako wa tumbo moja,
Dada Mwanaisha