Kwa Mama, Mwalimu wa Piano wa Sebuleni Kwetu

Mwaka umepita, Mama, tangu ile alasiri ulipokuwa ukifuta vibonyezo vya piano kwa kitambaa, kama kila siku kabla ya mwanafunzi wa kwanza. Ulifika katikati, ukaketi. "Nipeni maji," ulisema. Maji yalipofika, hukuyahitaji tena.

Watu walituambia tulie, kwamba machozi hupunguza uzito. Hayakuja. Tulipanga viti vya wageni, tukavirudisha. Tangu hapo tunaishi kama mguu ulioingia ganzi: upo, lakini haujui unakanyaga nini.

Ulianza kufundisha kwa kwenda majumbani mwa watu, mkoba wa vitabu vya muziki begani. Baadaye ukanunua piano yako, kuukuu kweli. Fundi aliyekuja kuiweka sawa aliuliza kama umeiokota jalalani. "Sijaiokota, nimeiposa," ulimjibu. "Wewe ipambe tu."

Hata ulipokuwa na wanafunzi tele, kila Jumamosi ulikwenda kufundishwa na mwalimu wa rika la kifungua mimba wako. Ulirudi umenuna. "Leo nimegombezwa," ulisema huku ukivua viatu.

"Si uache?" Baba alikutania. "Mtu mzima na mvi zako."

"Nikisahau ugumu wa kutojua, nitawaonea watoto wa watu."

Ndiyo maana mwanafunzi wako mmoja, muuguzi mstaafu mwenye vidole vikavu kama kuni, hakuona haya mbele yako. Ulimfunika mikono kwa taulo ya jikoni asiitazame. "Viache vidole vitafute njia," ulimwambia. Vikaitafuta.

Juzi alikuja mnunuzi wa piano. Baba ndiye aliyemwita. Alisema amechoka kuipita kila siku. Ilikuwa saa kumi, na sote tulinong'ona, kama tulivyozoea miaka yote wakati wa masomo yako. Hata sufuria dada yako aliitua polepole. Mgeni akatutazama mmoja mmoja.

"Kuna mgonjwa humu?" akauliza.

Kitinda mimba wako, yule uliyemwita Bibi Kimya, alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Unamjua: chuo amemaliza, na piano ulimfundisha mwenyewe, lakini kuuliza bei dukani humtoa jasho. Tangu uondoke, muuguzi amekuwa akimpigia simu kumwomba amwendeleze na masomo, naye hujibu, "Nitaona, shangazi." Kwa Baba hakuthubutu kugusia. Alipomwona akimpa mnunuzi mkono wa kukubaliana, alijitokeza mbele.

"Baba, isiuzwe." Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Wanafunzi wa Mama nataka kuwafundisha mimi. Nimetaka siku zote."

Baba akauachia mkono wa mgeni. "Sasa mbona ulinyamaza, mwanangu?"

"Niliogopa mtasema mimi si kama Mama."

Baba hakulia, wala sisi hatukulia.

"Kweli, wewe si kama mama yako," akasema. "Na mimi sikutaka kuiuza. Nilitaka mmoja wenu anikataze."

Unakumbukwa na mumeo, kifungua mimba wako na mkewe, Bibi Kimya, dada yako, na wanafunzi wako wote, wakubwa kwa wadogo. Siku zetu zote tutakuwa nawe moyoni, Mama.