Kikohozi cha Kaka Shomari

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Huku Kinole hatujambo. Karafuu zimeanikwa, na bibi yako hatoki jikoni kwa sababu ya baridi.

Umeniuliza kama mtoto ahamishiwe chumba kingine ili wewe na mumeo mpate usingizi. Nimeandika habari maisha yangu yote, lakini hili bado linanichanganya.

Utotoni tulilala ndugu wanne mkeka mmoja. Kaka Shomari alikuwa akikohoa, nasi tukawa tunasinzia darasani, hivyo baba akampeleka alale kwa mjomba. Kulipokucha, nyumba nzima tulikuwa na macho mekundu. Niliwahoji wote. Mama alisema baba aligeukageuka, baba akasema watoto tulinong'ona, nasi tulikuwa tumeamshwa na mama. Mpaka leo sijui nani alianza.

Shomari akarudi anacheka. "Kwa mjomba nimelala fofofo!"

"Hongera," mama akamwambia. "Sasa rudi mkekani, ukohoe hapa hapa. Wenzako wanataka kulala."

Mjomba alituambia baadaye kwamba usiku uliofuata akiwa nyumbani kwake, ng'ambo ya shamba, alimsikia Shomari akikohoa kwetu. Mimi niliyelala naye mkeka mmoja sikusikia kitu.

Babu yako